Kabla ya Arbantone Kulikuwa na Chemirocha

Kila ngoma mpya ya Arbantone ikitoka, kuna mtu mzima mahali anatingisha kichwa na kusema, "Hawa watoto hawana chao. Wanakopi tu." Mnaijua hiyo sentensi. Mmeiskia kwa redio asubuhi, mmeiskia kwa mathree, na pengine mmeiskia sebuleni kwenu kutoka kwa mzae, yuleyule ambaye Ijumaa usiku kwa mugithi anaimba Kamaru kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho kama ni yeye alitunga.

Leo sitaki tubishane nao kwa hasira. Nataka tubishane kwa historia, kwa sababu historia iko upande wetu, angalau nusu. Kupenda wimbo wa mtu, kuurudia kwa sauti yako, kuutengeneza upya nyumbani na vifaa ulivyo navyo, halafu kuupitisha kwa wenzako: hiyo ndiyo njia muziki wa hapa kwetu umetembea tangu gramafoni ifike. Kuna shida ya kweli ndani ya hii story, lakini haiko pale wazee wanaponyooshea kidole. Tutaifikia.

Kwanza twende Kapkatet, huko Kericho, mwaka wa 1950.

Kuna Mwingereza alikuwa anaitwa Hugh Tracey, makao yake Afrika Kusini. Kazi ya huyu jamaa ilikuwa kuzunguka Afrika na mitambo ya kurekodi ndani ya gari, anafika kijijini, anauliza nani anajua kuimba, anaweka maiki. Rekodi zake ndizo zilizozaa maktaba inayoitwa International Library of African Music, ILAM kwa kifupi, ambayo leo iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes huko Afrika Kusini. Mwaka huo alifika kwa Wakipsigis, na kati ya nyimbo alizotoka nazo kuna tatu zenye jina moja: Chemirocha.

Ya tatu ndiyo imevuka mipaka. Inaimbwa na wasichana, anayewaongoza anaitwa Chemutoi Ketienya, na nyuma yao kuna chepkong, ala ya nyuzi ambayo ukiiona utafikiria ni binamu wa nyatiti. Ni wimbo mfupi sana. Sauti za wale wasichana zinapanda na kushuka kwa namna ambayo ukisikiliza usiku na earphone unajikuta umerudia mara sita.

Sasa sema hilo jina haraka haraka. Che-mi-ro-cha. Tena. Chemirocha.

Jimmie Rodgers.

Si mchezo. Jimmie Rodgers alikuwa mwanamuziki wa country kutoka Meridian, Mississippi, mtu aliyewahi kufanya kazi kwa reli, na ambaye alikuwa na ule mtindo wa kuimba huku sauti inarukaruka juu kama imekwama kooni halafu ikaponyoka. Alifariki mwaka wa 1933 kwa ugonjwa wa kifua kikuu. Sahani zake zilizunguka dunia, na Waingereza wakaja nazo hadi huku kwetu. Mtu fulani huko Kericho akazungusha mpini wa gramafoni, sahani ikaanza kulia, na watu waliokuwa karibu wakasimama.

Hebu jiweke hapo. Hujui Kiingereza. Hujawahi kuona picha ya huyo mtu. Sauti inatoka kwa kisanduku, inaruka juu, inarudi chini, na gitaa inatembea nayo. Wewe unajiuliza: huyu ni kiumbe gani? Tracey aliandika kwamba kwa wale wasichana, Chemirocha alikuwa nusu mtu, nusu swara. Kwa hivyo wakamtungia wimbo wao wenyewe. Hawakuiga melodi ya Mmarekani, hawakuiga maneno yake. Walichukua jina, wakalipa umbo la Kikipsigis, wakamvisha kwato, wakamkaribisha kwenye ngoma yao.

Hawa walikuwa mashabiki, wasee. Walifanya kile shabiki yeyote wa leo anafanya akipenda kitu kupita kiasi: kukisikiliza haikutosha, wakatengeneza chao. Na hakuna mtu mwenye akili anayeweza kusikiliza ule wimbo aseme, "Hawa watoto wa Kapkatet hawana chao."

Shikilia jambo moja hapo kabla hatujasonga: jina la Chemutoi Ketienya tunalijua. Miaka zaidi ya 70 imepita, alikuwa msichana wa kijijini, hakuwa na lebo wala meneja, lakini jina lake liliandikwa pamoja na wimbo. Tutalihitaji hilo.

Miaka kumi baadaye, Nairobi ilikuwa na studio, ilikuwa na bendi, ilikuwa na vijana wa gitaa waliokuwa wamefunzwa na redio, na sahani za Kongo, Cuba na Afrika Kusini. Walikuwa wanasikiliza wageni na kujaribu kutoa ile sauti kwa vidole vyao. Hapo ndipo inakuja Malaika.

Malaika unaijua hata kama hujui unaijua. Umeiskia harusini, umeiskia kwa hoteli za watalii, umeiimba shule ya msingi. Fadhili William, Mtaita, aliirekodi mwaka wa 1960 akiwa na Jambo Boys, kisha ikarekodiwa tena 1963 chini ya Equator, ile lebo ya Charles Worrod hapa Nairobi. Ilikuwa ngoma ya kwetu, ya mtu ambaye anataka kuoa lakini mfuko umetoboka. Kama kuna mada ya Kikenya zaidi ya hiyo, niambie.

Halafu wimbo ukaota miguu. Miriam Makeba kutoka Afrika Kusini akaupenda na kuubeba duniani kote. Yeye na Harry Belafonte waliuweka kwenye albamu yao ya 1965, albamu iliyoshinda Grammy. Huko Uswidi, Hep Stars, bendi aliyokuwa akipigia kinanda Benny Andersson kabla ya kuwa mtu wa ABBA, wakaurekodi pia. Ndiyo, ABBA. Boney M. wakautoa 1981 na ile mitindo yao ya disko. Angélique Kidjo wa Benin akauimba katika albamu yake ya Logozo mwaka wa 1991. Kila mmoja aliufanya kwa njia yake, na mimi binafsi sioni kosa kwa hata mmoja wao kwa kuuimba. Makeba anapoimba Malaika, Kiswahili chake kina lafudhi ya mbali, na hiyo lafudhi ndiyo inanimaliza kabisa.

Lakini uliza watu mtaani leo: Malaika ni wa nani? Nimeuliza sana. Wengi wanajibu Miriam Makeba.

Na ukichimba zaidi unapata kwamba hata sisi wenyewe hatukubaliani. Fadhili alishikilia hadi mwisho kwamba ni wake. Wengine wanasema mtunzi ni Adam Salim, Mtanzania, aliyeutunga miaka ya 40. Wengine wanamtaja Lucas Tututu wa Mombasa. Sitaamua kesi hapa, mimi si jaji. Ninachoona ni hiki: huo wimbo ulikuwa unapita mdomo kwa mdomo, bendi kwa bendi, kabla mtu yeyote kuandika mahali fulani, kwa wino, huyu ndiye aliyeutunga. Wakati ulipoanza kuleta pesa, ilikuwa too late kuuliza. Fadhili aliishi Marekani miaka mingi, akarudi nyumbani, akafariki Februari 2001. Wimbo uliotajirisha watu katika mabara matatu, na bado watu wanabishana nani aliuandika.

Si yeye pekee. Daudi Kabaka, yule mfalme wa twist, naye wa Equator, alikuwa na ngoma inaitwa Helule Helule. Mwaka wa 1968 bendi ya Uingereza, The Tremeloes, wakaifanyia kava na ikaingia 20 bora za kwao. Twist kutoka Nairobi inachezwa na vijana wa London waliovaa suti za rangi! Ni Wakenya wangapi wa umri wetu wanajua hiyo? Kabaka naye alifariki 2001, mwaka uleule na Fadhili. Na Jambo Bwana ya Them Mushrooms wa Mombasa, iliyotungwa na Teddy Kalanda Harrison na kutoka mwaka wa 1982, ilifuatwa haraka na ya Boney M. mwaka wa 1983. Leo kila hoteli ya pwani ina toleo lake, na mtalii anarudi Ujerumani akidhani ni wimbo wa jadi ambao Waswahili wamekuwa wakiimba tangu enzi za majahazi.

"Wimbo wa jadi." Hilo neno liogope. Mara nyingi maana yake ni kwamba mwenyewe alisahaulika.

Sasa tushuke kwa watu wa kawaida, kwa sababu hadi hapa nimeongea kuhusu mastaa, na kushea muziki hakukuwa kazi ya mastaa. Waulize wazazi wako kuhusu salamu. Kulikuwa na kadi za salamu, unaandika jina lako, unaandika majina ya marafiki, unataja wimbo unaoutaka, unatuma kwa redio kwa posta. Halafu unangoja. Siku ikifika, mtangazaji anasoma: salamu zimwendee fulani wa Kakamega, fulani wa Mariakani, fulani popote alipo, na wote wasikilize wimbo huu. Watu waliunda vikundi vya salamu, wakajipa majina ya ajabu kuliko handle zenu zote, wakajuana nchi nzima bila kuonana uso kwa uso. Mtu wa Voi anajua mtu wa Busia anapenda rumba gani. Wewe unafikiria playlist ya kushea ilianzia kwa simu?

Halafu kaseti zikaja, na hapo mambo yakawa moto, kwa sababu kaseti ndiyo ilikuwa kitu cha kwanza kumpa shabiki uwezo wa kurekodi mwenyewe. Sahani ya santuri ilihitaji kiwanda. Kaseti ilihitaji kidole. Unakaa kando ya redio, vidole viwili juu ya vitufe viwili, unangoja wimbo wako, mtangazaji akinyamaza tu unabonyeza. Na kawaida hanyamazi. Ndiyo maana kaseti nyingi za wazazi wetu zina sauti ya mtu anasoma saa juu ya solo ya gitaa. Ukimaliza unampa rafiki, rafiki ananakili kwa redio yenye milango miwili, anapitisha kwa mwingine. Kila nakala ikawa na mvumo kidogo zaidi ya ile iliyotangulia. Kama kaseti imefungwa isirekodiwe, unaziba zile tundu za juu na kikaratasi na kazi inaendelea. Ikijikunja, kalamu ya Bic ilikuwa fundi.

Hii ilikuwa mapenzi. Lakini kulikuwa na kitu kingine kinafanyika River Road.

River Road ilikuwa moyo wa muziki wa Kenya. Maduka, studio, watayarishaji, Wakikuyu, Waluo, Wakamba, wote hapo. Joseph Kamaru mwenyewe alikuwa na duka lake la muziki hapo. Na mlango wa pili au wa tatu kutoka kwa msanii, kuna mtu ana mashine za kunakili, anazalisha kaseti za huyohuyo msanii kwa wingi na kuziuza bei ya kutupa. Kampuni kubwa za kimataifa za kurekodi, moja baada ya nyingine, zikafunga virago hapa Nairobi miaka ya 80 na 90, na uharamia ulikuwa moja ya sababu.

Wazee wakisimulia hii story wanachanganya vitu viwili na mimi naomba tuvitenganishe. Dem anayemrekodia beshte wake kaseti ya nyimbo kumi hajaua msanii. Mara nyingi amempa shabiki mpya, ambaye siku bendi ikifika kwa social hall ya mtaa atalipa mlangoni. Mtu anayezalisha maelfu na kuuza, huyo amekula jasho la mtu. Tofauti ni pesa, ndiyo. Lakini kuna kitu walishirikiana wote wawili, na hapa ndipo nilipokuwa nikienda tangu mwanzo: karibu hakuna aliyeandika majina. Kaseti ya beshte imeandikwa "Slow jams side A". Kaseti feki imeandikwa "Hits Volume 4". Mpiga gitaa ni nani? Mtunzi ni nani? Ilirekodiwa wapi? Kimya. Na jina likishatoka kwa wimbo, hata shabiki mwenye nia njema na pesa mfukoni hajui amtafute nani.

Miaka ya 90 inapoisha, kizazi kingine kinafanya tena yale ya Kapkatet. Hardstone anachukua mdundo wa Sexual Healing ya Marvin Gaye, anaweka Kikuyu juu, anaita Uhiki, Tedd Josiah akiwa kwa mitambo. Watu walichizi. Redio za FM ndio tu zilikuwa zimeanza, Capital FM ikiingia hewani 1996, na ghafla kuna sauti ya kijana wa hapa juu ya biti ambayo kila mtu aliijua. Ilikuwa kopi? Biti, ndiyo. Lakini ngoma ile isingeweza kutoka mahali pengine popote duniani. Kalamashaka wakafuata na Tafsiri Hii, hip hop ya Marekani imeshushwa Dandora na kuambiwa iongee Kiswahili. Halafu Clemo akaanzisha Calif Records mtaani California, akina Nonini na Jua Cali wakatoka hapo, na neno Genge likazaliwa. Mtaa wa kawaida, vifaa vya kawaida, ngoma zilizoshika nchi.

Kizazi changu kiliingia wakati wa memori kadi. Mnakumbuka? Unaenda kwa jamaa wa cyber, unampa kadi na fifty bob, anakuuliza "nikuwekee nini?" na wewe unasema "weka tu kali." Huyo jamaa alikuwa na nguvu kuliko DJ yeyote wa redio. Aliamua mtaa mzima usikilize nini. Ukitoka hapo unafika shule, wakati wa break mnakaa kwa mstari mnarushiana kwa Bluetooth, simu zimegusana kama zinasalimiana, na mwalimu akitokea kila mtu anaanza kusoma kitabu juu chini. Na ile fayili inaitwaje? "Track 07." Ama jina la tovuti ilikotoka. Ama jina la msanii mwingine kabisa. Kuna wimbo nimeupenda miaka kumi nikidhani ni wa Redsan kwa sababu tu fayili iliandikwa hivyo.

Mwaka wa 2010 Just A Band walitoa video ya Ha-He na yule jamaa Makmende, na mashabiki wakaibeba. Watu walikaa nyumbani wakatengeneza picha za Makmende kwenye noti, kwenye jalada za magazeti, wakatunga vichekesho usiku kucha. Miaka minane baadaye, Ethic, vijana wanne wa Umoja, wakaweka Lamba Lolo kwa YouTube na Gengetone ikalipuka. Sailors wakaja na Wamlambez 2019 na ile salamu ikawa ya nchi nzima, hadi kwa midomo ya watu ambao hawakujua wanajibu nini. Hakuna kampuni kubwa iliyopanga haya. Ni ngoma za nyumbani, zilizopitishwa na mashabiki mmoja kwa mwingine, kama kaseti, kama salamu.

Kwa hivyo Arbantone inapokuja na kuchukua midundo ambayo dada zetu wakubwa walicheza miaka ya 2000, dancehall na Genge za zamani, na kuweka mistari mipya juu, mimi sioni watoto wasio na chao. Naona familia ileile ya Chemirocha. Ninachouliza ni swali moja tu: kwenye maelezo ya video, biti ya nani imetajwa?

Mara nyingi, hakuna.

Hapa nieleze kidogo sheria, kwa sababu wengi wenu mnatengeneza vitu na mnachezewa. Ngoma moja ina mali mbili ndani yake. Kuna wimbo wenyewe, yaani maneno na melodi, ambao ni wa mtunzi. Na kuna rekodi, ile sauti iliyonaswa studio, ambayo ni ya aliyeigharamia au aliyeuziwa. Ukikaa kitandani na gitaa ukaimba wimbo wa mtu, umegusa ya kwanza. Ukikata kipande cha rekodi ya zamani na kukiweka kwa biti yako, umegusa zote mbili, na unahitaji ruhusa mbili. Ndiyo maana video yako inaweza kufungiwa ama pesa zake kwenda kwa mtu humjui. Kwa sheria ya Kenya, wimbo unalindwa miaka 50 baada ya mwaka ambao mtunzi alifariki, na rekodi inalindwa miaka 50 tangu ilipofanywa. Piga hesabu kwa Malaika. Kama mtunzi ni Fadhili, wimbo unalindwa hadi mwisho wa 2051. Ile rekodi ya 1963 ulinzi wake uliisha 2013. Na kama mtunzi si Fadhili, hesabu yote inabadilika. Unaona vile jina moja lisiloandikwa linavyoweza kuning'inia juu ya wimbo karne nzima?

Na kutaja jina peke yake si malipo, najua. Msanii hali credit kwa ugali. Lakini malipo bila jina hayana pa kwenda.

Nikupe mfano wa kitu kilichofanywa vizuri. Joseph Kamaru, yule wa River Road, alifariki Oktoba 2018. Mjukuu wake, kwa desturi ya Wagĩkũyũ, ana jina lake lilelile: Joseph Kamaru, anajiita KMRU. Mjukuu haimbi benga. Anatembea na kinasa sauti, anarekodi mji, mvua, mitambo, anatengeneza muziki mzito wa taratibu ambao mashabiki wake wako hadi Ulaya. Albamu yake ya Peel ya 2020 ndiyo iliwafanya wengi wamjue. Hapo kando, amekuwa akichukua rekodi za zamani za guka wake, anazisafisha na kuzitoa upya kwa Bandcamp, chini ya jina la guka. Shabiki wa kompyuta wa Berlin anamfuata mjukuu, anajikuta anasikiliza Kikuyu cha miaka ya 70, na anajua kabisa anamsikiliza nani.

Na Kapkatet? Katikati ya miaka ya 2010, watu wa ILAM wakishirikiana na Ketebul Music, shirika la Tabu Osusa hapa Nairobi, na wenzao wa Abubilla, waliamua kurudisha zile rekodi za Tracey zilikotoka. Wakafika na CD. Wakawatafuta waimbaji, ama watoto wao, ama majirani. Walimpata hata mzee mmoja aliyekuwa amerekodiwa 1950 na bado alikuwa hai. Miaka 65, kutoka Kapkatet hadi Afrika Kusini na kurudi, na kilichowaongoza hadi mlangoni ni maandishi: jina la mahali, jina la mwimbaji, mwaka.

Namalizia na kaseti moja. Ankal wangu alinipa boksi lake mwaka jana alipokuwa anahama. Kaseti kama thelathini. Moja imeandikwa kwa biro ya buluu, "Pwani, nzuri sana", basi. Upande A, wimbo wa tatu: gitaa mbili, ngoma ndogo kwa mbali, na mama anaimba Kiswahili cha Mombasa taratibu sana, kama anaongea na mtu aliyelala. Nimetafuta kwa programu za kutambua nyimbo, hazina habari. Nimemchezea ankal, anasema alirekodiwa na rafiki wa kazini Changamwe, na huyo rafiki alishatangulia. Kuna vijana wawili wameniomba waufanyie kava, na inauma kuwaambia wangoje. Nitaweka sekunde thelathini za mwanzo kesho jioni. Tafadhali mchezee mama yako, mchezee shosh, mchezee yule mzee wa duka ambaye anajua kila kitu. Kama kuna mtu anamtambua huyo mama kwa sauti, niandikie jina lake kamili.